Mstari Ulioliwa na Mchwa

Siku ya kuniaga mlinipa shuka, saa ya ukutani na ombi. Shuka ninalitumia, saa inakimbia kuliko saa nyingine zote za mjini Tabora, na ombi ndilo hili ninalolitimiza sasa. Mliniomba niandike niliyoyaona kazini ili ninyi wachungaji vijana mpate la kujifunza. Sitaandika nilipandishwa lini, wala ni nani alipandishwa mahali pangu, ingawa jina lake ninalo. Nitaandika habari za mstari mmoja wa Biblia, kwa sababu huo mmoja ulinitoa jasho kuliko vikao vyote vya kanisa nilivyowahi kukalia.

Mstari wenyewe mnaujua. Uko kwenye Mwanzo, sura ya pili: "Kwa hiyo mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe, nao watakuwa mwili mmoja." Mnausoma kila ndoa, na wengi wenu mnausoma huku mkisikilizia harufu ya pilau. Siwalaumu. Mimi pia niliusoma hivyo mpaka nilipopelekwa Puge.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini. Nilikulia kwenye mtaa ambao adhana na kengele ya kanisa huamsha watu wale wale. Nikasoma, nikaenda chuo cha uchungaji, na huko nikakipenda Kiebrania kama wenzangu walivyopenda mpira. Nilipopangiwa usharika wa Puge, kule Nzega, niliondoka nikiamini kwamba wakulima wa mpunga na viazi walikuwa wamekaa wakinisubiri niwafafanulie vitenzi vya Musa. Nilifika na baiskeli, godoro na viatu vyeusi, na udongo wa Puge ukavibadilisha rangi siku hiyo hiyo.

Wazee wa kanisa walinipokea kwa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. Nikala kwa heshima, wakaniongeza, nikala tena. Kisha nikanywa maji mengi. Hakuna aliyeniambia kwamba matobolwa yakikutana na maji tumboni hurudia ukubwa wake wa zamani. Ibada yangu ya kwanza niliiendesha nikiwa nimefungua kifungo cha suruali chini ya joho, na waumini wakasifu jinsi mchungaji mpya anavyosimama wima.

Aliyenilea kazini ni Mchungaji Kapama, mzee mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu. Huyu alinifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwepo. Kwamba mahubiri ya ndoa yasiishe kabla wapishi hawajamaliza, lakini pia yasizidi hapo hata kidogo. Kwamba mchungaji asikubali kupanda gari la bwana harusi, maana likiharibika njiani atalaumiwa yeye. Na kwamba kwenye shauri la ndoa nisiulize nani ana makosa. "Uliza nani mwingine anakaa katika nyumba hiyo," aliniambia, "hata kama hakai humo kwa mwili." Nililicheka hilo neno, nikaliona ni la mtu asiyesoma Kiebrania.

Alipoondoka aliniachia kamusi yake ya Kiebrania, kitabu kikubwa ambacho naye aliachiwa na mmisionari. Ilikuwa kamusi ya Kiebrania kwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno lilipofika kwenye Kiswahili lilikuwa limeshachoka na safari. Mzee Kapama alinionya kuhusu mchwa. Mguu wa meza ya vitabu, alisema, unasimamishwa ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, miguu yote, na meza isiguse ukuta. Mimi nikasimamisha miguu yote ndani ya makopo kama alivyoniagiza, kisha nikaisukuma meza ukutani ili nipate nafasi ya kuegesha baiskeli.

Mchwa wa Puge hawana papara. Walipanda ukutani taratibu, wakajenga njia yao ya udongo nyuma ya meza, wakaingia kwenye kamusi kuanzia jalada la mbele. Nilipogundua, herufi zote za mwanzo zilikuwa zimeshaliwa, karibu nusu ya alfabeti. Nilikaa chini nikaupitia mstari wa ndoa, neno kwa neno, nione nini kimesalia. Baba alikuwa ameliwa. Mama ameliwa. Mume ameliwa, mke naye ameliwa, maana katika Kiebrania wote hao huanza na ile herufi ya kwanza. Mwili uliliwa. Neno "mmoja" likaliwa. Kuambatana kukaliwa. Maneno yaliyopona katika mstari mzima wa ndoa yalikuwa mawili tu: "kwa hiyo" na "kuacha".

Hivyo ndivyo nilivyohubiri ndoa kwa misimu kadhaa. Juu ya kuacha nilikuwa na elimu ya kutosha kuchosha mtu yeyote. Nikifika kwenye kuambatana nilikuwa natabasamu, nawaangalia maharusi kwa upendo, nasema hayo mengine wataelewana wenyewe.

Ndipo akaja Mzee Maganga. Alikuwa mzee wa kanisa wa Puge, mfugaji na mkulima, mrefu, mwenye mji mkubwa na maneno machache, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mihambo, aliyezaliwa baada ya mabinti wengi. Mihambo alikuwa amechumbia Bukene, kwenye ile stesheni ya reli ya Mwanza, ambako pia nilikuwa nikihudumu. Binti aliitwa Kalunde, naye alikuwa mtoto pekee wa mama mjane mwenye majaruba mazuri ya mpunga na hana mtu wa kuyalima. Mahari ilishakubaliwa, ng'ombe walishapelekwa, kila mtu alifurahi, mpaka mama mjane alipotoa sharti lake la mwisho kwamba kijana ahamie Bukene, akae pale kwake. Mihambo akakubali. Mihambo alikuwa kijana mwema aliyekubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho.

Mzee Maganga alinikuta nakarabati baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kiti nilichompa, akanyamaza kwa muda ambao mimi niliziba pancha mbili. Kisha akaniambia kwamba ndoa itafungwa, hana tatizo na binti, lakini ule mstari wa mwanamume kumwacha baba yake usisomwe.

Nikamwambia huo ndio mstari wenyewe wa ndoa.

"Anayeachwa ni mke aliyeshindikana," akasema. "Mimi nimemshinda nini Mihambo mpaka aniache mbele ya watu?"

Nilimwelewa. Puge walikuwa wameshaanza kumcheka chini chini kwamba amelea dume la kwenda kulimia watu wa Bukene. Angeweza kuvumilia mwanawe kuondoka. Ila kuondoka huko kutangazwe kanisani, kwa sauti, na Mungu akiwa upande wa mama mjane, hilo hakuliweza. Akanieleza msimamo wake bila kupandisha sauti: nikiusoma, atasimama, na akisimama Mihambo atatoka naye. Nilijua ni kweli. Kijana yule asingeweza kubaki amekaa baba yake akiwa amesimama.

Nikapiga baiskeli mpaka Bukene nikazungumze na bibi harusi. Ni mwendo, na njiani nilipanga maneno mazuri ya kumshawishi turuhusu zaburi badala yake. Kalunde alinisikiliza huku akipeta mchele, akaniuliza kama dada zake wa ukoo, niliowafungisha ndoa mwenyewe, walisomewa zaburi. Nikasema hapana. Basi akaniambia kwamba wake usiposomwa, watu watasema yeye hakuolewa, ameazimwa mtu. Na kama Mihambo hawezi kuachana na kwao kwa mstari mmoja, akasema, atawezaje kwa maisha yote? Mama yake alikuwa ndani, lakini nilisikia kikohozi cha kuunga mkono.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: nikiusoma, ndoa inavunjika mbele ya madhabahu. Nisipousoma, inavunjika kabla ya kufika huko. Mchungaji mwenye akili angemwendea Mzee Kapama aliyestaafu. Mimi nikaiendea kamusi.

Na kwa kuwa neno lililopona ni "kuacha", niliona Mungu mwenyewe ameniongoza. Neno hilo kwa Kiebrania ni *azav*. Nikalifuata katika Biblia nzima, nikagundua jambo lililonifanya nisilale kwa furaha. Katika kitabu cha Kutoka kuna sheria ya punda wa adui yako aliyeanguka chini ya mzigo wake, kwamba usimpite, umsaidie. Na neno lililotumika hapo ni *azav* hilo hilo. Wataalamu wanabishana, lakini wengi wanaona hapo maana yake ni kuulegeza mzigo, kuufungua, kuuachia punda apumue. Nikasema, haya sasa. Kuacha si kutupa. Ni kutua. Na nitamweleza nani habari za kutua mzigo akanielewa kama si Mnyamwezi, ambaye babu zake walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani kwa miguu?

Nikaenda kwa Mzee Maganga nimevaa shati la Jumapili. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, mkewe yuko jikoni, mlango wazi. Nikamweleza yote. Nikamweleza punda. Nikamweleza wapagazi wa njia ya zamani, jinsi mtu alivyofika kambini akatua mzigo kwa heshima, hakuutupa, wala hakuna aliyeona kwamba mzigo umedharauliwa. Akauliza kama hao Waebrania walikuwa na ng'ombe. Nikasema walikuwa nao wengi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajua nimeshinda.

Kisha akageuka, akatazama zizi.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi ni mzigo."

Nikasema hapana, mzee, ni mfano. Akauliza kama yeye si mzigo, basi ni punda? Jikoni mkewe aliangusha kifuniko cha sufuria, na kwa muda mrefu baada ya hapo ikasikika sauti ya mtu anayecheka ndani ya kanga. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimezunguka Puge nzima. Vijana wakawa wanaulizana njiani, "Mzigo wako haujambo?" maana yake baba yako. Mzee Maganga alikuja ibadani, akakaa mahali pake pa mbele, na wakati wote wa mahubiri akanitazama kama mtu anayemwangalia fundi aliyemharibia redio.

Sasa nikashika njia ya Tabora. Niliona kosa langu ni kwamba nimetegemea nusu ya mstari, na kwamba dawa iko kwenye nusu iliyoliwa. Mjini alikuwepo padri mmoja wa Kikatoliki, rafiki wa kubishana, aliyekuwa na kamusi nzima kwenye kabati la chuma. Akanikaribisha kahawa, akavaa miwani, akanifungulia *davaq*, yaani kuambatana. Ni neno la ngozi kugandamana na mfupa, akanisomea, na ulimi kugandamana na kaakaa mtu akiwa na kiu. Na ni neno lililotumika kwa Ruthu, pale alipokataa kumwacha mkwewe Naomi, akaambatana naye. Nikamshukuru sana. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta maana ya kuambatana na mke, nikaja kuipata kwa mtu asiye na mke. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo nilipokuwa nafungua kufuli la baiskeli, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Nilirudi na mahubiri yangu yamekamilika kichwani. Mstari hauondoi mtu kwao, ningesema. Ruthu hakumpata Naomi kwa kupungukiwa na mama. Anayeambatana na mke ameongezewa watu, na baba wa mume naye ameongezewa. Yalikuwa mahubiri mazuri kuliko yote niliyopata kuandaa, na ninayakumbuka mpaka leo kwa sababu sikuyatoa.

Siku ya ndoa kanisa la Bukene lilijaa mpaka madirishani. Nyuma ya kanisa wapishi walikuwa kazini, na mkuu wao alikuwa Bi Chausiku. Huyu ni lazima niwaeleze. Alikuwa Mzaramo, Mwislamu, aliyekuja na mume wake mfanyakazi wa reli wakati stesheni ikiwa na pilikapilika. Mume akafariki, yeye akabaki, anapika chakula cha abiria, na kila treni ikitoka pwani alikuwa akiuliza kama imeleta nazi. Bukene nzima ilimpenda na kumwogopa, kwa sababu Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, watu wetu walipofika na mizigo yao kwenye nchi ya Wazaramo wakapeana chakula na matusi. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, mahali popote, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa mpaka uzeeni. Hayo nilikuwa nayajua tangu utoto. Ila sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yana kazi yoyote katika uchungaji.

Niliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mzee Maganga, aliyekaa mbele na suti yake ya kahawia, hakutikisika. Nikapumua. Nikafungua Mwanzo, nikasoma, "Kwa hiyo mwanamume atamwacha baba yake na mama yake," nikameza mate.

Hapo hapo nilipomeza mate, mzee akasimama.

Alisimama tu, kofia mkononi, akamtazama mwanawe. Kwaya ikaacha kujipepea. Mihambo akamtazama baba yake, akamtazama Kalunde, na nikaona mguu wake mmoja umeanza kugeuka kuelekea mlangoni huku mwili wote ukiwa bado haujaamua. Kalunde hakulia. Aliutazama ule mguu. Nami niliyejua *azav* na *davaq* nilisimama pale na Biblia wazi, sina hata neno moja la lugha yoyote.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Bi Chausiku aliingia na mwiko wa pilau mkononi, kanga kiunoni, akapita katikati ya kanisa kama mtu anayekwenda kukata tiketi, akasimama mbele ya Mzee Maganga.

"Wewe mpagazi," akasema, "kaa chini chakula kisipoe. Unamlilia huyu anayekuja Bukene, wewe mwenyewe Puge umezaliwa?"

Kanisa zima likashusha macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mchungaji wao.

"Ulitoka kule kwenu Choma na begi moja," akaendelea, "ukaja kulima kwa baba mkwe wako msimu mmoja, kama desturi yenu. Msimu gani huo usioisha? Ule mji unaokaa ni wa nani kama si wa ukweni kwako? Mama yako kule Choma alisimama kanisani akasema twende?"

Nikamkumbuka Mzee Kapama na swali lake, nani mwingine anakaa katika nyumba hiyo. Puge yote ilikuwa inajua. Lakini mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, mwenye mji mkubwa, nani angemkumbusha kwamba yeye pia aliingia hapo kama mkwe mwenye jembe? Watoto wake mwenyewe hawakuweza. Mkewe, aliyekuwa ndiye mwenye ardhi, alikuwa ameinyamazia maisha yake yote. Ilihitaji mtu wa pwani mwenye mwiko.

Mzee Maganga alibadilika rangi. Lakini sheria ya utani anaijua, na watu wote walikuwa wanasubiri waone kama atashindwa.

"Mla nazi wewe," akasema hatimaye, "na wewe ulifuata nini huku kwetu?"

"Mume," akajibu Bi Chausiku. "Amekufa, na bado nipo."

Hakuna aliyecheka. Mzee alitazama kofia yake, akaizungusha mikononi. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo, na hakuwa anasema na mtani wake, wala na mimi.

"Mama yangu hakusimama," akasema. "Alikaa jikoni. Alinifungia matobolwa ya njiani, akaniambia nisichelewe kuondoka."

Mkewe akaushika mkono wake. Niliona macho ya yule mzee yamejaa, na yangu pia, siwafichi. Kisha akanigeukia, na ule ukali wake wa kawaida ukarudi kidogo.

"Mchungaji, mbona umenyamaza? Ulikuwa hujamaliza kusoma."

Nikasoma. "Naye ataambatana na mkewe, nao watakuwa mwili mmoja." Mzee Maganga akakaa. Mguu wa Mihambo ukarudi mahali pake. Bi Chausiku alikuwa ameshatoka, na tulimsikia huko nje akigombana na mtu aliyeacha moto ukazidi chini ya sufuria yake. Mahubiri nikayaacha. Niliona watu wameshahubiriwa.

Mihambo alihamia Bukene, na kila msimu wa kulima alikuwa akifika Puge na maksai kumsaidia baba yake. Baada ya mavuno ya kwanza Mzee Maganga alisafiri kwenda Choma, ambako hakuwa amekanyaga kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa ameshafariki zamani. Alikwenda kupalilia kaburi, akarudi, hakusimulia chochote. Lakini tangu siku hiyo alianza kuniita rafiki yake, ingawa hakukubali kunisamehe habari ya mzigo. Kila nilipomtembelea aliniuliza kama nimekuja kumbeba.

Tangu hapo nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi, na hili nawaachia. Kiebrania someni, ni lugha tamu, na meza msiigusishe ukutani. Lakini shauri la ndoa likiwa gumu, kabla ya kufungua kamusi ulizeni mtani wa familia hiyo ni nani na anapatikana wapi. Yeye anaruhusiwa kusema kile ambacho ninyi hamjui na majirani hawathubutu. Bi Chausiku nilimtumia katika mashauri mengi mpaka alipofariki, na malipo yake yalikuwa nazi, nilizomwagizia kwa makondakta wa treni. Na jambo la pili: mstari ule usomeni wote kwa pumzi moja. Msimeze mate katikati.

Hili la pili ninalisema kwa uchungu, na mmoja wenu anajua kwa nini. Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, mwanangu Elia alifunga ndoa. Ni mtoto wangu pekee wa kiume, daktari wa mifugo, na binti aliyempata ni wa Choma, kwenye ukoo wa wafugaji. Baba mkwe amewapa kiwanja. Elia aliniambia kwa simu kwamba watakaa huko huko, kazi iko huko, ng'ombe wako huko. Nikamwambia ni jambo jema sana. Nikamweleza na Kiebrania chake. Mama yake akasema nimezungumza vizuri, akaniuliza kwa nini basi sijala.

Siku ya ndoa nilikaa kwenye benchi la mbele bila joho, suti yangu mwenyewe, mikono haina la kufanya. Watu wetu wengi walikuja, na nyuma yangu alikaa Mzee Maganga, mkongwe sasa, aliyeletwa na Mihambo na Kalunde na fimbo yake. Alikuwa amesema hawezi kukosa harusi inayofungwa Choma. Mchungaji wa siku hiyo alikuwa mmoja wenu. Akafungua Mwanzo, akasoma, "Kwa hiyo mwanamume atamwacha baba yake na mama yake," kisha akamwangalia Elia kwa upendo, kama nilivyomfundisha mimi, akameza mate.

Nikasikia kanisa limenyamaza. Nikashangaa kwa nini mchungaji ananikodolea macho. Ndipo nilipogundua kwamba nimesimama. Pingamizi sikuwa nalo, binti nampenda. Nilikuwa nimesimama tu, kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni, na Elia ananitazama.

Ncha ya fimbo ikanigusa mgongoni.

"Kaa chini, mchungaji," akasema Mzee Maganga. "Leo mzigo ni wewe."

Nikakaa. Akaniwekea mkono begani na kuuacha pale pale, tukamsikiliza kijana akimalizia mstari.